Mzee Waliyemuua kwa Heshima

Kwanza ilikuwa sauti ya redio. Macho yangu yalikuwa bado yamefumbwa na pazia limeshushwa, lakini jirani yangu hapa mtaa wa Oli alikuwa ameshawasha yake ili asikilize matangazo ya vifo, kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya kuchemsha chai. Mtangazaji alisoma kwa Kilugbara, kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya kuburuta inayowafanya wafu wote wa Arua waonekane ndugu. Akataja Pajulu. Akataja ukoo, akataja jamaa pamoja na vyeo vyao, mwalimu mkuu huyu, mzee wa kanisa yule. Kisha akasema kwamba kaka yao mkubwa amefariki kwa uzee, baada ya kutunzwa vizuri na familia yake. Nilimjua marehemu kabla jina halijamalizika kutamkwa, na usingizi wote ukaniishia. Kwa uzee. Baada ya kutunzwa vizuri. Msomaji wangu, kama umezoea kuja kwenye safu hii kutafuta maneno ya kukupoza, wiki hii pita mbali. Jina lake silitaji, wala siwataji waliomtunza, ingawa wao wangefurahi sana kutajwa.

Mama yake alikuwa shangazi ya baba yangu, binti wa Koboko aliyeolewa Pajulu. Kwa hiyo sisi wa Koboko tulikuwa wajomba zake, na mimi nilikua nikimwita baba mkubwa. Watu wa huku walipokimbia vita kwenda Zaire, yeye alikuwa kijana ambaye ndevu zimeanza kumtoka, lakini njia nzima alishika pindo la kitenge cha mama yake. Huko ukimbizini baba yake alioa mke mwingine, na waliporudi nyumbani watu wa Pajulu walikuwa wameshaamua kwamba kijana huyu asiyemtazama mtu usoni, anayelijibu leo swali la juzi, amerogwa. Mama yake hakubishana nao. Alipanda naye lori, wakarudi Koboko kwa kaka zake, na hapo akampangia mwanawe maisha ambayo hayakubadilika. Kigoda chake kilikaa penye ukuta wa jiko, upande wa kivuli. Asubuhi alikwenda hadi njia panda, pale malori yanapoachana, mengine yakielekea Sudan na mengine Kongo. Aliyatazama magurudumu, watu hakuwatazama, kisha alirudi kwa kijia kile kile. Chakula chake kiliwekwa katika mabakuli matatu: enyasa, ugali wetu wa muhogo, peke yake, majani ya kunde peke yake, mchuzi wa simsim peke yake. Kikigusana, kwake hakikuwa chakula tena, kama vile kwako wewe mchanga si chakula hata ukitiwa chumvi. Mama alipofariki, shangazi yangu, dada mdogo wa baba yangu, mjane, aliyachukua mabakuli yale akaendelea. Hakuna aliyemwomba. Kazi za namna hiyo huwa hazina mwombaji, zina mtu tu ambaye hakuondoka.

Jambo ambalo kila mtu aliyepita kwetu alilikumbuka ni jinsi baba mkubwa alivyokumbuka. Sisi tunakumbuka kwa kufupisha. Tunasema "tulikimbia Zaire" na safari nzima inaingia katika maneno mawili. Yeye hakufupisha. Alikuwa akiketi kwenye kigoda, halafu ghafla anakunja suruali hadi magotini na kuanza kuisimulia safari ile. Mama iko mbele. Kuku iko kwa kikapu, kichwa iko nje. Sasa maji. Maji iko baridi. Na ungemwona anainua miguu, mtu mzima mwenye mvi, katikati ya uwanja mkavu wa Koboko. Tulipokuwa watoto tulimcheka, mpaka shangazi akatutawanya kwa mwiko. Ukimkatiza, alirudi hadi langoni Pajulu na kuanza safari upya, kwa kuwa katika safari ile hapakuwa na njia ya mkato. Ukimfuata hadi mwisho, alifika kwenye uwanja wa misheni ambako mwanamke wasiyemjua aliwapa uji wa moto. Hapo shangazi alimwambia, "Tumefika, kaka." Naye alishusha suruali, akaomba chakula chake, na siku ikaendelea. Kadiri alivyozeeka, ndivyo mto ule waliouvuka ulivyomjia mara nyingi zaidi. Zamani ilikuwa mvua kubwa tu inayomwitia safari. Baadaye ilitosha harufu ya udongo uliomwagiwa maji, au kuku wa jirani kutiwa kikapuni. Wengine walianza kunong'ona kwamba akili inamtoka. Shangazi aliwajibu kwamba njia ni ile ile, ni miguu tu imezeeka, na akaendelea kuvuka pamoja naye huku akichambua maharage.

Siku moja walikuja Koboko watu wa afya kuzungumza na wazazi juu ya usonji. Shangazi alisikia sokoni wakieleza kwamba ni hali ya mtoto asiyetazama machoni, asiyependa kuguswa, anayetaka kila kitu kiwe mahali pake, akaacha kapu lake la nyanya kwa jirani na kwenda kuketi kati ya akina mama waliopakata watoto. Alipopewa nafasi alisema wa kwake yuko hivyo hivyo. Wakamuuliza ana umri gani. Akasema mvi zimemjaa. Mkutano wote ukaangua kicheko, na mama mmoja akamwambia, "Mama, huyo si mutoto. Huyo iko bwana yako." Shangazi mwenyewe alicheka, maana anajua utani mzuri akiusikia. Lakini mwendesha mkutano akamweleza, kwa adabu kabisa, kwamba mradi huu ni wa watoto. Ni muuguzi mmoja tu aliyemfuata hadi nje, akamwambia kwamba usonji hauishi, kwamba mtu huzaliwa nao na kuzeeka nao, na kwamba yale anayoyafanya nyumbani ayaendeleze. Shangazi alirudi na neno hilo kama mtu aliyeokota ufunguo na hajajua mlango wake.

Nimeuliza tangu siku hiyo, na leo nauliza kwa hasira: hao watoto walio kwenye mabango ya zahanati, wakiota ndevu wanakwenda wapi? Sisi hatujui, kwa sababu tunawapa majina mengine. Akiwa kijana ni mkaidi. Akiwa mtu mzima ni mwendawazimu, au amechezewa na wachawi. Na akibahatika kuishi hadi nywele ziwe nyeupe, tunamwita mzee, na hapo tunadhani tumemheshimu. Mvi kwetu zinafuta kila kitu kilichokuwa chini yake. Mwenye mvi hana tabia yake mwenyewe; ana uzee tu, na uzee tunaujua sote jinsi ya kuutunza, hatuhitaji kuuliza.

Mdogo wake wa baba mmoja, yule aliyezaliwa na mke wa ukimbizini, ni mtu mkubwa Pajulu. Ana nyumba ya bati jekundu, ana sauti nzuri ya kusali, na ukoo ulikuwa unamtazamia awe msemaji wao. Ila midomo ilikuwa inasema: utatuongozaje wakati mzaliwa wa kwanza wa baba yako anakula kwa wajomba? Midomo ile ilimuuma kuliko miaka yote ambayo kaka yake aliishi Koboko bila yeye kuja kumjulia hali. Akaja na gari na wazee watatu. Wanaume wetu wakaketi nao. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akasema mwacha asili ni mtumwa, na wanaume wetu wakatikisa vichwa kama mbuzi waliomwagiwa mvua. Shangazi alisema kwamba huyu mtu hana asili nyingine isipokuwa kigoda hiki na ukuta huu, na kwamba wakimwondoa atakufa. Alisema neno usonji. Kaka yangu mmoja akamwambia mambo ya watoto ayaache, wanaume wanazungumzia mzee. Baba mkubwa aliambiwa wanakwenda kutazama malori. Shangazi aliyafunga mabakuli matatu kwa kitenge, akampa mke wa yule bwana aliyekuwa amekaa kwenye gari, akamfundisha lipi ni la nini. Mwanamke yule aliyarudia yote vizuri, na macho yake yalikuwa mema. Ndiyo maana naandika kwa uchungu zaidi: sikuona hata mtu mmoja mwenye nia mbaya.

Nilikwenda kumwona Pajulu. Walikuwa wamemketisha sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufumwa, mahali pa heshima, mkabala na televisheni. Kila mgeni aliyeingia alimshika mkono kwa mikono miwili. Watu wa maombi walimwekea viganja kichwani, na yeye aliyekuwa hataki hata upepo wa kanga umguse alikaa amekauka kama kuni. Akakunja suruali. "Sasa mama iko mbele," akaanza, na mdogo wake akamgusa bega kwa upole, akamwambia, "Mzee, hiyo ilishapita. Sasa iko nyumbani." Akarudi langoni. Akaanza tena, akakatizwa tena, na kila aliyemkatiza alifanya hivyo kwa upendo. Wakati wote niliokaa pale, hakufika. Nikauliza kama anakula. Wakaniambia wanamlainishia, wanamchanganyia enyasa na mboga na mchuzi, wanaviponda pamoja kwa mwiko, kama ipasavyo mzee. Nilipomweleza shangazi kwa simu, alikata bila kuaga, na kesho yake alikuwa Pajulu. Wakampokea kama mgeni wa upande wa wajomba: kiti, soda, kuku wa kuchinja. Alipoomba aingie jikoni walicheka kwa mshangao, maana mtu wa upande wa wajomba haingii jikoni kwa watu. Aliomba basi wampe mzee kila chakula kwenye bakuli lake. Hapo mwenye nyumba alimjibu kwa sauti ya chini, na katika jibu lile ndimo ulimokuwa ugonjwa wote. Alisema mtu ukimtengea vyombo vyake peke yake, katika nchi hii, watu watasema unamtilia sumu, au unamnyanyapaa. Hapa wote wanakula sahani moja, na mzee ndiye anayeanza.

Mnajua mnaosoma huku kwamba hakusema uongo. Sisi ni watu wanaoogopa sumu kuliko njaa. Bakuli la peke yake kwetu ni tusi au ni jinai. Yule bwana alikuwa na jina la kulinda, na jina lake lilikuwa kwenye sahani ya pamoja. Shangazi alirudi Koboko akiwa amemwona kaka yake kwa mbali, kupitia mlango wa sebule, akiwa amezungukwa. Baadaye baba mkubwa alitoka alfajiri, akashika barabara ya Koboko kwa miguu. Wakamrudisha kwa boda, tena kwa upole sana, na tangu hapo wakafunga geti ili mzee asichoke. Walisema hivyo hivyo: asichoke. Ndipo yalipokuja matangazo ya redio.

Kwetu mtu akifa, watu wa mama yake hawaji kulia tu. Wanakuja kuuliza. Baada ya maziko wanaketi na wenye mji, na msemaji wao anauliza: mtoto wetu amekufaje? Wenye mji lazima wajibu, na jibu likiwatosheleza wajomba, wanapewa mbuzi na wanakula pamoja, na kifo kimefungwa. Nilipenda desturi hii tangu utotoni, kwa sababu niliona ndani yake kwamba hakuna mfu asiye na wa kumuulizia. Tulikwenda Pajulu na gari zima. Tukazika. Tukaingia sebuleni, ile ile yenye kochi, na msemaji wetu, kaka yangu yule yule, akauliza kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Yule bwana akajibu kwa maneno yaliyopangwa vizuri zaidi. Alisema uzee. Alisema mzee alianza kukataa chakula kama wazee wanavyokataa, na hawakuacha kumbembeleza mpaka pumzi ya mwisho. Wanaume wetu wakaguna kukubali. Mbuzi alikuwa amefungwa nje, tulimsikia.

Ndipo shangazi akauliza, bila kusimama, kama mtu anayeuliza njia. "Mabakuli yangu iko wapi?"

Mke wa yule bwana akanyanyua mkono kuonyesha kabati la vioo. Yalikuwa mle, kati ya vikombe vya harusi na picha ya mahafali, yamefutwa yakang'aa. "Sisi aliweka vizuri, mama," alisema. "Zawadi ya wajomba hapana tumia ovyo." Mzee mmoja wa Pajulu akacheka akasema mama huyu amekuja kuzika mtu au kukagua vyombo, na wengine wakamfuata kwa kicheko, hata wa kwetu. Shangazi hakuwatazama. Alimtazama yule mwanamke.

"Yeye ilikuwa nafanya nini na sahani?"

"Ilikuwa nasukuma."

"Na wewe ilifanya nini?"

Mwanamke akaanza kulia, na alijibu huku analia, na ni yeye peke yake katika nyumba ile aliyejibu swali letu. "Mimi nilidhani meno iko uma yeye. Nikaponda zaidi."

Mumewe alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kwa sauti ya kumfunga mdomo, akatugeukia akasema wanawake wamechoka na msiba. Kisha akasema, "Mimi ningeweka yeye chakula peke yake, leo nyinyi wajomba mungeniuliza habari ya sumu." Alisema kweli. Tungemuuliza, na kaka yangu angekuwa wa kwanza. Ndiyo maana kaka yangu alishukuru kwa maelezo, akasema upande wa mama umeridhika.

Mimi sijaridhika. Ninawachukia kwa namna ambayo imani yangu hainiruhusu, na ninalisema hilo hapa kwa kuwa sina geti la kulifungia wala ukoo wa kunisemea. Mtu alikufa njaa, chakula kikiwa mbele yake mara tatu kwa siku, na kila mara kilipondwa laini zaidi kwa sababu ya upendo. Kama wangemchukia wangemtupia muhogo mkavu kwenye kona, naye angekula akaishi. Kwa hiyo somo langu ni hili, na silipambi. Heshima isiyouliza ni namna ya uvivu. Unampa mzee kile ambacho wazee hupewa, unaketi chini umetosheka, na mtu aliyekuwa ndani ya mzee huyo unamwacha katikati ya mto maji yakimfika magotini, huku ukimwambia amefika nyumbani. Nenda leo umtazame huyo uliyemkalisha kwenye kochi. Muulize anataka nini. Akishindwa kusema, tazama anasukuma nini, na usijifanye hujui kwa sababu ana mvi. Na wewe unayeendesha miradi ya watoto, watoto wako wanazeeka.

Basi pale sebuleni chakula kikaletwa. Sinia kubwa, enyasa kama kilima, mboga imemwagiwa juu, nyama ya mbuzi juu ya mboga, yote pamoja, kwa ajili yetu sote. Birika la kunawia lilizunguka kuanzia kwa wakubwa. Kaka yangu akanawa, na wanaume wetu wote wakanawa, na maji yalipomfikia shangazi aliinuka akajifunga kitenge chake kiunoni. Yule bwana aliinuka pia, kwa kuwa mgeni haondoki kwake bila kusindikizwa na neno. "Dada," alimwambia, na alimaanisha, "Koboko iko mbali. Kula kwanza kidogo."

"Nimeuliza," shangazi alisema. "Mimi bado naulizia yeye. Mutu anayeuliza hapana kula."

Akatoka na viatu mkononi. Wanaume walikuwa wameshaanza kumega. Yule bwana alisubiri mpaka alipovuka kizingiti, akamtakia safari njema, kisha akafunga mlango nyuma yake taratibu sana, kwa mikono miwili, kwa adabu zote.